Wasafiri, msiwarushie ng'ombe maembe kutoka dirishani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na abiria wa mabasi yanayotoka Kigoma na Kasulu kwenda Kibondo na Kakonko, na baada yao niseme na viongozi wetu. Mimi ni bwana mifugo mstaafu. Kazi niliisomea Mpwapwa, nikaifanya miaka thelathini na miwili katika mkoa huu huu wa Kigoma, na sasa nipo kijijini kwetu, upande wa Kasulu, nyumba yangu ikitazama barabara kuu. Nina ng'ombe wanne wa pembe ndefu. Ndio hao ambao wengi wenu mmewapiga picha bila kujua ni wa nani.

Desemba iliyopita, siku ya Jumanne, kama saa nne asubuhi, mjukuu wa jirani alikuja mbio akipiga kelele: "Babu, Gitare anakufa!" Gitare ni yule mweupe. Nilimkuta amenyoosha shingo mbele, mate yanamchuruzika kama mlenda, ubavu wa kushoto umeanza kujaa kama ngoma. Mtoto akanieleza. Basi lilisimama abiria wachimbe dawa, ng'ombe wakasogea karibu kama walivyozoea, na kutoka dirishani mtu akawarushia maembe. Gitare alipata matatu. Mawili yalipita. La tatu likakwama.

Watu wengi hawajui ng'ombe anakulaje, na hapa ndipo balaa linapoanzia. Ng'ombe hana meno ya mbele kwenye taya la juu. Ana ufizi mgumu tu. Nyasi anazizungushia ulimi, anazibana kati ya ufizi na meno ya chini, anazikata kwa kuvuta kichwa. Hang'ati kama mbuzi wa hadithi za watoto. Na anachokiingiza mdomoni hakitafuni sana papo hapo. Anakimeza, halafu baadaye akilala kivulini anakirudisha na kukicheua taratibu. Sasa mpe embe zima, bichi, gumu, linaloteleza. Atalisukuma nyuma na magego na kulimeza lilivyo. Likikwama kwenye umio, hata hewa inayozalishwa tumboni haina pa kutokea. Ng'ombe wa kawaida hucheulia hewa hiyo nje mchana kutwa. Njia ikizibwa, tumbo la kwanza hujaa, linabana mapafu, na mnyama anaweza kukata roho ndani ya saa chache mbele ya macho yako.

Nilimfunga kamba, vijana wawili wakamshika pembe. Nikapitisha vidole upande wa kushoto wa shingo, na katikati kabisa nikaligusa, gumu kama jiwe chini ya ngozi. Nililisukuma kwa nje, kwa viganja viwili, kidogo kidogo kuelekea kooni. Troka yangu ya zamani, chuma chenye ncha cha kutolea hewa tumboni, nilikuwa nimeichomeka mfukoni, tayari kumtoboa ubavu kama angezidiwa. Embe lilipofika juu nilimpanua mdomo, nikaingiza mkono mpaka kifundo, nikalitoa. Magego yalinichuna ngozi, alama bado ninayo. Ilichukua zaidi ya dakika ishirini. Naomba asiyefundishwa asijaribu kuingiza mkono wala kumnywesha ng'ombe wa namna hiyo mafuta au maji, kwa sababu yataingia mapafuni. Amwite mtaalamu upesi, na amwambie kwa simu kwamba ng'ombe amekabwa, ili mtaalamu aje na mpira wa kupitisha tumboni na troka.

Mtoto wa jirani aliniambia aliyerusha maembe alikuwa binti mdogo, wa miaka saba hivi, na alikuwa anacheka kwa furaha. Sina kinyongo naye hata chembe. Alimpenda ng'ombe, akampa alichokuwa nacho mkononi, na hakuna mtu mzima aliyemwonyesha namna. Ningekuwa dereva ningeshuka nimwonyeshe. Kilichokosekana pale ni mahali maalumu pa kulishia. Na mahali pa namna hiyo nimewahi kupaona kwa macho yangu, mbali sana na hapa.

Mwezi Juni 2022 nilikwenda kumtembelea binti yangu, ambaye ni muuguzi Glasgow, Uskoti. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda ndege. Alinipeleka makumbusho na makanisani. Alinipeleka hata Blantyre, mji mdogo jirani ambako Livingstone alizaliwa mwaka 1813, yule yule ambaye sisi watu wa Kigoma tunaonyesha wageni mahali alipokutana na Stanley pale Ujiji mwaka 1871. Nilishukuru. Lakini siku ninayoikumbuka saa kwa saa ni Jumapili tuliyoelekea kaskazini, yapata saa moja na ushee kwa gari, hadi Kilmahog, nje kidogo ya mji wa Callander. Ni kijiji cha kupita tu. Kuna duka la nguo za sufu, kuna mahali pa chai, na pembeni kuna uzio na ng'ombe.

Niliwahi kuwasoma kwenye vitabu vya chuo, mistari miwili tu: Highland, wana manyoya marefu. Kusoma si kuona. Ng'ombe mwekundu kama udongo wa Kasulu, mfupi wa miguu, mpana, amevaa nywele kama blanketi lililochakaa, zikining'inia hadi kufunika macho. Nywele za nje zinafikia urefu wa rula ya shule na hata kuzidi, zina mafuta mafuta, mvua inateleza juu yake. Chini yake kuna manyoya mengine mafupi na laini ya kushika joto. Ile shungi ya usoni wenyeji wanaiita dossan, na ina kazi yake: inakinga macho na mvua, upepo na nzi. Pembe wanazo dume na jike. Za jike huinuka juu, za dume hutanuka kuelekea mbele. Nilisimama pale kama mwanafunzi. Mjukuu wangu wa miaka mitano alinivuta shati, "Babu, twende tukawalishe."

Walishaji hawakuja na chakula chao. Hilo ndilo nililolitazama kwanza, kwa jicho la kazi. Tulipewa mfuko mdogo wa karatasi wenye mboga zilizokatwakatwa, karoti zimepasuliwa kwa urefu, vipande vyembamba visivyoweza kuziba koo. Uzio ulikuwa imara. Kijana aliyekuwepo alimwonyesha mjukuu wangu: kiganja wazi, vidole pamoja, kipande katikati, usivute mkono kwa hofu. Ulimi ukatoka, mrefu, wa kijivu, ukakifagia. Mtoto akapiga ukelele, akaangalia kiganja chake, akasema kwa Kiswahili cha kwao kile cha kuchanganya, "Babu, ni kama msasa!" Aliomba kingine. Alilisha mpaka mfuko ukaisha, kisha akasimama tu anamtazama, mkono wake kwenye ubao wa uzio, kimya. Mtoto yule hajui kunyamaza.

Wenyeji walinisimulia habari za Hamish, dume aliyesimama mahali hapo miaka mingi, wageni wakija kutoka kila pembe ya dunia kupiga naye picha. Walimtaja kwa jina kama mtu anavyomtaja mzee wa mtaa. Hapo nilinyamaza mimi.

Kwa sababu sisi tulikuwa hivyo. Mimi ni Mha, nimezaliwa katika nyumba iliyopata ng'ombe wake wa kwanza kwa ubugabire. Kwa vijana wasiojua: mwenye ng'ombe wengi alimpa asiye naye ng'ombe wa kutunza, naye akamtumikia na kusimama naye kwenye shida, na undugu wa namna yake ukazaliwa. Ulikuwa na dhuluma zake pia, na sitaki urudi. Ila ulitufundisha kwamba ng'ombe ana jina. Mwekundu aliyekolea aliitwa Bihogo. Mweupe aliitwa Gitare. Baba alikuwa akirudi jioni anawasalimia kabla ya kutusalimia sisi, na mama hakuona ajabu. Nilijua kila pembe ilipopinda na kwa nini ilipinda.

Niliuliza mengi siku ile na siku zilizofuata, binti yangu akitafsiri pale Kiingereza changu kiliposhindwa na lafudhi yao. Niligundua kwamba kundi la ng'ombe wale haliitwi kundi kama la ng'ombe wengine. Linaitwa kwa neno lile lile wanaloliita zizi, kwa sababu zamani usiku walikusanywa kwenye mazizi ya mawe kuwakinga na hali ya hewa na mbwa mwitu. Wana chama chao cha wafugaji tangu 1884, na kitabu cha kuandikia uzao tangu 1885, ukoo kwa ukoo. Jike mzima hufikia kilo 500, dume 800. Wanaishi nje wakati wa theluji, wanakula majani magumu ambayo ng'ombe wa maziwa hayatamani, na wanazaa hata wakiwa wazee. Kwa hesabu ya lita za maziwa, wasingekuwepo leo. Wamekuwepo kwa sababu watu waliwataka.

Sasa niseme jambo linaloniuma. Ayrshire, ng'ombe wa maziwa tunayemfahamu sana hapa nchini, kwao ni huko huko Uskoti. Damu yake kidogo imo hata ndani ya ng'ombe wa Mpwapwa tuliofundishwa kujivunia chuoni. Katika kazi yangu nilizunguka vijiji na mtungi wa mbegu, nikipandisha kwa mrija, Friesian na Ayrshire, na nilihubiri uchotara kwa moyo wote. Na kila nilipopandisha, niliwaambia wafugaji wahasi madume yao ya asili ili yasiharibu mpango. Koleo la kuhasi nilikuwa nalibeba mwenyewe. Sikumbuki nimehasi mafahali wangapi wa pembe ndefu. Watoto wengi wa wilaya hii wamekunywa maziwa kwa kazi ile, na sijutii maziwa. Ninachojutia ni kwamba sikumwambia hata mfugaji mmoja: mbakize dume mmoja mzuri wa asili. Wale wa Uskoti walichukua vyote viwili. Walitupa sisi Ayrshire, na mwenye nywele wakabaki naye kando ya barabara akilishwa karoti na watoto.

Ng'ombe wetu wa pembe ndefu ana mengi ya kusimulia kuliko tunavyodhani. Pembe inaweza kuzidi urefu wa mita moja, na ndani yake kuna mishipa ya damu inayosaidia kupoza mwili wakati wa jua kali. Kwa hiyo yule wa Uskoti amevaa blanketi na huyu wetu amebeba kipoza joto kichwani. Anatembea mbali kufuata maji. Anaishi nyanda za juu za Buha, nchi yetu Waha, ambako kuna baridi ya asubuhi na hakuna mbung'o, huku chini kwenye miyombo ya upande wa Malagarasi mbung'o wakiwa wamewazuia wafugaji kwa vizazi. Akikutazama hakwepi macho. Nani anamjua leo? Waulize wanafunzi wa Kigoma mjini ni wangapi wamewahi kumgusa ng'ombe aliye hai. Mimi niliwauliza kumi na wawili waliokuja na mwalimu wao. Wawili.

Niliporudi kutoka Uskoti nilinunua Bihogo na Gitare kutoka kwa mzee mmoja wa Heru Juu aliyekuwa anawauza wote wachinjwe, baadaye nikaongeza dume na mtamba. Mke wangu alidhani nimechanganyikiwa, kwa kuwa tulikuwa na chotara mmoja anayetoa lita kumi, na Bihogo akijitahidi ni mbili na nusu. Nilimwomba anivumilie mwaka mmoja. Barabara ilikuwa imeshapata lami, mabasi yanapita, na pale mbele yetu kuna uwanja wa changarawe ambao wajenzi walikuwa wanaegeshea mitambo yao. Ulibaki wazi, tambarare, umeshindiliwa vizuri. Madereva wakaanza kuutumia wenyewe.

Ndipo watu wakaanza kushuka na kuwatazama wale ng'ombe. Mwanzoni nilifurahi tu. Baadaye nikaona wanachopewa, na furaha ikaisha. Mikate. Maandazi. Ugali uliobaki kwenye kontena. Chenga za mahindi ambazo dereva mmoja wa lori alimwaga chini debe zima kwa wema wake. Mtu huona ng'ombe anakula kwa hamu, anadhani amemfadhili. Tumbo la ng'ombe linaendeshwa na vijidudu vilivyozoea nyasi. Ukimwaga wanga mwingi kwa ghafla, vijidudu vya aina nyingine hushika hatamu, asidi hujaa, tumbo husimama, mnyama huharisha, hulala chini na miguu humuuma hata akipona. Mimi nimepasua ng'ombe waliokufa hivyo, baada ya kuvunja ghala na kula mahindi usiku. Na mfuko wa plastiki uliobeba mkate, wenye harufu ya chumvi na mafuta, nao anaumeza. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, nashukuru, lakini vifungashio vya mikate na biskuti vingali vinatupwa. Nilipokuwa nakagua nyama machinjioni nilitoa tumboni mwa ng'ombe mmoja mwembamba fundo la plastiki na kamba lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto. Mwenye ng'ombe alikuwa ametumia fedha nyingi kwa dawa za minyoo.

Kwa hiyo nilianza kidogo. Nilijenga uzio wa miti ya mikaratusi, nguzo zikikaribiana, ubao wa juu ukifika kifuani kwa mtu mzima, na ubao mwingine wa chini kwa ajili ya watoto. Nikaupeleka nyuma, nje kabisa ya hifadhi ya barabara, ambayo kwa barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, ili pasiwepo ng'ombe wala mtoto karibu na magari. Akina mama watatu wa jirani wanakata mabingobingo, marando ya viazi na vipande vya boga vyembamba kama kidole, wanafunga mafungu, fungu shilingi 500. Kwa siku kuna idadi ya mafungu, na yakiisha yameisha. Ng'ombe naye hushiba, na aliyeshiba akisumbuliwa hukasirika. Ndoo ya maji na sabuni iko mlangoni, kwa kunawa kabla ya kulisha na baada ya kulisha. Ng'ombe wote wanne wamechanjwa, wanaogeshwa dhidi ya kupe, na nimewapima ugonjwa wa kutupa mimba, kwa sababu huo humpata na binadamu. Maziwa mabichi hatumpi msafiri hata akiomba kwa machozi. Yaliyochemshwa anapata, kikombe, pamoja na muhogo.

Wapo wanaoniambia haya ni mambo ya Ulaya, kwamba ng'ombe ni nyama, maziwa na jembe. Mzee mwenzangu alinitolea maneno makali kanisani: watu wanakosa malisho, wafugaji wanafukuzwa huku na huko, wewe unawachezea ng'ombe wasafiri. Nilimsikiliza, kwa sababu alikuwa na uchungu wa kweli. Mwanawe alipoteza mifugo. Lakini nilimwuliza ni lini mara ya mwisho msafiri alimtazama mfugaji kama mtu mwenye kitu cha kumwonyesha. Abiria wanatuona tukiwa kikwazo barabarani, vumbi na honi. Pale kwenye uzio wananiuliza maswali. Wananiuliza ndama huachishwa lini, pembe zinauma zikikatwa, kwa nini anatoa machozi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu mwaka 2008, ikikataza kumtesa mnyama bila sababu, na tangu hapo hadi nilipostaafu niliisoma mbele ya watu minadani, fimbo zikiendelea kupiga na mikia ikipindwa ili ng'ombe apande lori. Sijawahi kumwona mtu aliyelisha ng'ombe kwa kiganja chake halafu akampinda mkia mbele yangu.

Kuna bibi mmoja nitamsimulia, kisha nirudi kwenye ombi langu. Alikuwa anakwenda Kibondo msibani. Alishuka polepole akiwa amejifunga kaniki mbili, akaja hadi kwenye uzio, hakununua fungu. Akaniuliza kwa Kiha huyu mwekundu anaitwaje. Nikamwambia, Bihogo. Akarudia jina lile mara tatu, kwa sauti ile ya kuita inayoanzia chini na kupanda, ambayo mimi sikuwa nimeisikia tangu mama yangu afe. Bihogo aliinua masikio, akaacha majani, akaja. Bibi akamkuna chini ya kidevu, mahali hasa wanapopapenda, akasema kwao walikuwa na Bihogo na alimkamua yeye kabla hajaolewa. Kondakta alikuwa ameshapiga mluzi. Dereva akamwambia aache, tumngoje. Basi zima lilingoja. Alinipa shilingi elfu moja, nikamrudishia, akakataa, nikaipokea. Imo kwenye Biblia yangu.

Sasa ombi. Uwanja ule wa changarawe si wangu. Niliandika barua mwezi Machi kwa ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja kwa kuwa nataka ushirikiano na si ugomvi, kuomba kijiji kiruhusiwe kuutumia kama kituo rasmi cha kupumzikia: choo cha kulipia kwa wanaochimba dawa vichakani, maji, kivuli, na zizi la kulishia. Nimezungushwa. Meza ya mifugo ilisema ni suala la barabara, meza ya barabara ikasema ni biashara, meza ya biashara ikaniuliza leseni ya nini hasa, kwa kuwa kwenye orodha yao hakuna kulisha ng'ombe. Nimekwenda mara sita, nauli kwenda na kurudi kila mara. Sisi hatuombi fedha. Miti tunayo, mikono tunayo, serikali ya kijiji imekubali kwa muhtasari na mihuri. Tunaomba karatasi moja na alama ya barabarani ya kuwatahadharisha madereva kwamba mbele kuna kituo, wapunguze mwendo.

Kama hilo litachelewa, basi wamiliki wa mabasi na madereva wanisaidie kwa jambo dogo lisilohitaji mhuri. Makondakta wawaambie abiria, kabla mlango haujafunguliwa, wasirushe chochote dirishani. Mwenye embe na alikate vipande vyembamba, atoe kokwa. Mwenye mkate na aule mwenyewe. Asiye na kitu asiogope kuja mikono mitupu, kwa sababu ng'ombe anapenda kukunwa kidevuni na chini ya shingo kuliko mnavyodhani. Msimshike pembe, hakuna anayependa. Msisimame nyuma yake. Mzazi amshike mtoto mkono mwingine anapolisha, na asimnyanyue kumpitisha juu ya ubao ili apate picha. Picha nzuri zaidi inapatikana mtoto akiwa chini, uso kwa uso na ng'ombe kupitia nafasi ya uzio.

Na wale mtakaopita kuanzia katikati ya Januari, hamtamkuta Bihogo mbele. Ana mimba ya miezi minane. Yule kijana wa Kilmahog aliniambia jambo ambalo mfugaji yeyote wa Buha analijua: mpole kuliko wote akishazaa, usimwendee. Nimemtengea nyuma zizi lake lenye uzio wa pili, na nimeweka matandiko ya nyasi kavu. Mtamwona kwa mbali, pembe zikitokeza juu ya ubao. Naomba mumwache huko wiki sita. Dume, Gitare na mtamba watakuwepo pale pale, na Gitare bado anakimbilia uzio kila basi likisimama, embe lile halikumfundisha kitu.

Wenu,
Bwana mifugo mstaafu,
Kasulu, Kigoma